Kilichoota Ubavuni mwa Fidea

Mwanangu Emerensiana alinikataza kumgusa Fidea ubavuni siku ileile mtoto alipozaliwa, na kwa miaka tisa nilitii. Sababu alikuwa nayo, nitaisema huko mbele. Nililivunja katazo hilo Jumanne moja, saa nne asubuhi, tukiwa mimi na mjukuu wangu huyo juu ya dungu, jukwaa la shambani, tunaamia ndege.

Mpunga ulikuwa umeanza kuinama. Ushirika ulikuwa na mwewe wake wa bati anayeruka mwenyewe juu ya mashamba, lakini ndege walishamzoea, wengine wanatua mgongoni mwake. Kwa hiyo tulirudia kombeo na madongo kama zamani.

"Mke mwenzangu," Fidea akaniambia, "nimechoka."

"Umechoka na nini? Hujarusha hata dongo moja. Nikikuacha kwa mume wetu atakurudisha kwenu."

Kwa kawaida hapo hunijibu mpaka nikome. Safari hii alicheka kidogo tu akaegemea nguzo. Ngazi ya dungu letu ina vipago vinne, na kwa vipago vinne tu mshipa wa shingo ulikuwa unamrukaruka. Nilimfunua ukope wa chini. Ndani palikuwa peupe kama muhogo uliomenywa.

Kifundoni mwa mkono alikuwa amevaa kishikizo cha Kituo cha Damu, na taa yake ilikuwa ya kijani. Kijani maana yake chujio lililomo tumboni mwake liko salama. Pale Kituoni walishatuambia mara tatu: chujio linafanya kazi, mpeni mchicha, mpeni dagaa. Tulimpa mpaka akaukimbia mchicha akiuona kwa mbali.

Nikamwambia, "Lala chali. Kunja magoti."

"Mama alisema usinipapase."

"Alisema. Kunja magoti."

Nilisugua viganja mpaka vikapata joto. Hapa ndipo watu wengi hukosea: wanasukuma. Bandama haifuatwi. Unaweka vidole chini ya mbavu za kushoto, unatulia, unamwambia mtoto avute pumzi, na kama ipo inashuka yenyewe inakugonga kidole. Anapotoa pumzi inarudi juu kulala. Kitu kingine tumboni upande ule hakifanyi hivyo.

Chujio nililikuta kwa nyuma, gumu, limeshonewa mgongoni, halisogei. Hilo nililitegemea. Fidea alitolewa bandama akiwa na miaka mitano, kama kila mtoto wa bonde letu, akawekewa chujio.

"Vuta pumzi. Taratibu."

Kitu laini chenye ukingo wa mviringo kikashuka, kikanigusa kidole cha shahada, kikapanda.

"Unanitekenya."

"Vuta tena."

Kikaja tena. Nikamwambia avute mara ya tatu, si kwa kuwa nilikuwa na shaka.

*

Sitalisingizia chujio. Maji yalipopanda bondeni na kukataa kushuka, ilizuka homa iliyovimbisha bandama mpaka inachanika. Kwa masika mawili tulizika watoto kila wiki. Kituo kilipokuja na dawa yake, kutoa bandama kabla haijavimba na kuweka mashine ndogo mahali pake, tulipanga foleni wenyewe. Tangu hapo hajafa mtoto kwa homa ile. Ila chujio huongea na mnara wa Kituo, na likikaa siku mbili bila kuusikia linaanza kupotea njia. Kwa hiyo watoto wa bonde hawaendi mbali. Wamekua, wameoa, na hakuna aliyewahi kulala safari zaidi ya usiku mmoja.

Daktari wa Kituo hicho hapa Idunda anaitwa Pankrasi. Nilimjua akiwa hana meno.

"Shikamoo, Bibi Leokadia."

"Marahaba, baba. Nimemleta mtoto ana bandama."

Alitabasamu vile vijana wanavyotutabasamia. "Hana, Bibi. Tuliitoa. Karatasi yake ninayo."

"Karatasi sijaipapasa. Mtoto nimempapasa."

Akamlaza kwenye mashine ya picha ili kuniridhisha. Palipo na chujio palitokea mwanga mweupe mtupu, na huo mweupe ulimeza kila kilicho jirani.

"Unaona, Bibi, hakuna kitu."

"Naona picha yenu imepofuka hapo. Lete mkono."

Alikuja na vidole vyake vya baridi akaanza kusukuma. Nilimpiga kofi mkononi. "Unakanda maandazi? Tulia. Inakuja yenyewe."

Alitulia. Fidea akavuta pumzi. Nikaona uso wa Pankrasi ukibadilika, akasahau kabisa kutabasamu. Alikwenda stoo, akarudi na hadubini yenye vumbi, akatoboa kidole cha mtoto, akapaka tone la damu kwenye kioo, akainama pale muda mrefu hata Fidea akasinzia.

Hatimaye akasema, "Chenga hazipo."

"Sema kwa lugha yangu."

"Bibi, damu ina chembe nyekundu. Zikizaliwa, nyingine hubaki na kipunje ndani, kama chenga kwenye mchele. Bandama hupitisha kila chembe kwenye vitundu vyembamba, ikaminya kipunje kikatoka, na chembe yenyewe isipasuke. Chembe zilizozeeka haziwezi kupenya, basi inazivunja na kurudisha chuma chake mwilini. Chujio linavunja zilizozeeka na linanasa vijidudu, lakini kutoa chenga halijui. Ndiyo maana mtoto yeyote wa bonde mwenye chujio tupu lazima awe na chenga kwenye damu. Huyu hana hata moja."

"Kwa hiyo ipo na inafanya kazi."

"Ipo. Wakati wa kuitoa, kipande kikidondoka tumboni kinaweza kushika na kuota upya. Nilisoma zamani, sikudhani nitakiona." Alipangusa kioo kwa shati. "Na ndiyo maana hana damu. Yapo machujio mawili yanapeta damu moja. Kila moja linatupa, hata zisizozeeka."

"Basi moja lipumzike."

"Utaratibu ni kutoa kilichoota. Jumatatu ijayo."

"Kwa nini kilichoota?"

"Kwa sababu chujio tunalijua, Bibi. Hiki kidogo kinatoa chenga, hilo nimeliona. Kama kinaweza kulinda, sijui. Bandama ndiyo askari wa damu. Inakumbuka vijidudu ilivyokwisha kupigana navyo. Mtu asiye na bandama wala chujio, kijidudu cha mapafu kikiingia damuni asubuhi, jioni mnamlilia. Mimi siwezi kumweka mtoto kwenye 'sijui'."

"Lakini kwenye kisu unaweza kumweka."

"Kisu nakijua," akasema, na hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu aliyechoka.

*

Emerensiana alikuwa anapepeta mchele uani tuliporudi. Fidea, ambaye siri haimkai, alimwambia yote kabla hajavua viatu. Emerensiana akaweka ungo chini.

"Umemgusa."

"Nimemgusa."

"Fidea, nenda kwa kina Vinsensia ukachukue moto."

"Moto upo, mama."

"Nenda."

Sasa niiseme ile sababu. Niliacha shule darasa la nne, lakini nilikuwa na vidole. Watu wa afya walinichukua nikiwa msichana, nikazunguka nao shule kwa shule kupima bandama za watoto, kujua malaria imefika wapi kila kijiji. Bandama ya malaria ni ngumu, unaweza kuibonyeza uone imeteremka vidole vingapi. Mwaka wa mafuriko ya pili, mwanangu Ditrick, mwenye miaka kumi na mmoja, alipata joto. Nilimlaza mkekani nikampima kama nilivyopima maelfu. Sikujua kwamba bandama ya homa mpya si ngumu. Ni laini kama papai lililoiva. Nilibonyeza, na kitu kikalegea chini ya kidole changu. Hakufika adhuhuri. Emerensiana alikuwa na miaka saba, amekaa pembeni na kikombe cha uji wa kaka yake.

"Vidole vilevile," akaniambia sasa. "Vilevile, mama."

"Vilevile. Sina vingine."

"Na leo vinataka vimwamulie mwanangu."

"Sitaki viamue. Nataka vilichokikuta kisifichwe. Mtoto ameota kiungo chake mwenyewe, kinafanya kazi, daktari amekiona kwa macho. Jumatatu wanakitoa kwa sababu hakimo kwenye karatasi."

"Wanakitoa kwa sababu bandama huua. Mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwepo."

"Ile homa ndiyo iliua. Na mimi niliisaidia. Bandama ya Ditrick ilivimba kwa kuwa ilikuwa inapigana."

"Usimtaje."

"Nitamtaja. Nilimzaa." Sauti yangu haikupanda. Mimi si mtu wa kupaza. "Emerensiana, nimekuomba msamaha miaka thelathini na mmoja, na ukitaka nitaendelea mpaka nife. Lakini leo siombi. Leo nabishana."

Aliniangalia kama anayeniona kwa mara ya kwanza. "Bishana basi."

"Wakikitoa, mtoto atafunguliwa tumbo, na kinaweza kuota tena, na watafungua tena. Chujio lenyewe litabadilishwa kila akirefuka, mara nne, mara tano. Hatavuka mlima wa bonde hili maisha yake yote. Na haya yote yatakuwa sawa kama hakuna njia nyingine. Lakini njia ipo, inapumua ubavuni mwake."

"Na isipotosha?"

"Atakufa."

Nadhani alitaka nidanganye, apate kunichukia vizuri. Aliokota ungo akaendelea kupepeta, na chuya zikaniangukia miguuni.

*

Jumatatu tulikwenda watatu. Kituo walikuwa wametandika kitanda tayari. Mezani palikuwa na bamba la kioo ambapo mzazi huweka dole gumba kukubali. Mimi si mzazi wa Fidea, dole langu halikuwa na kazi pale.

Emerensiana aliinua mkono juu ya bamba, akauacha hewani.

"Kikitolewa, kinaweza kuota tena?" akamwuliza daktari.

"Kinaweza."

"Na mtatoa tena?"

"Ndiyo utaratibu, mama Fidea."

Akanigeukia. "Nionyeshe."

Sikumwelewa.

"Nionyeshe unavyofanya. Sitaki kusikia, nataka kukuta mwenyewe."

Nilimsugua viganja vyake ndani ya vyangu. Mikono ya mwanangu sikuwa nimeishika tangu akiwa na miaka saba, na sikuwa nimejua kuwa ina sugu hivyo. Nikamwekea vidole vyake chini ya mbavu za mtoto, juu yavyo sikuweka changu hata kimoja.

"Usisukume hata kidogo," nikamwambia. "Ukisukuma hutakuta kitu, au utakuta msiba."

"Mama, mikono yako inakwaruza," Fidea akalalamika.

"Vuta pumzi."

Nilijua ilipomgusa. Alishituka kama mtu aliyeguswa begani na mgeni. Alingoja pumzi ya pili, na ya tatu. Machozi hayakumtoka, alikunja uso tu.

"Daktari," akasema bila kuondoa mkono, "hilo chujio linalala?"

Pankrasi alikohoa. "Huwa tunalilaza tunapobadilisha betri. Kulilaza hadi siku thelathini, hilo liko mikononi mwangu. Lakini si kwa shughuli kama hii."

"Lilaze."

"Mama Fidea, akipata homa mbaya—"

"Utanipa nini cha homa mbaya?"

Alitupa vidonge vya asubuhi na jioni, sindano tano zilizojazwa tayari, na kipimajoto. Akatufundisha paja linavyochomwa. Joto likifika thelathini na nane, choma, alisema, usingoje, kisha lete mtoto au niite nije.

"Akifa nitalaumiwa mimi," akasema, kama anajiambia.

"Hapana, mimi," nikasema.

"Nyamazeni wote wawili," Emerensiana akasema. "Mama yake ni mimi."

Daktari akabonyeza anachobonyeza. Taa ya kijani kifundoni mwa Fidea ikazimika. Mtoto akaitikisa, akaipiga kofi, akaona haiwaki. "Sasa mimi nina nini?" akauliza.

*

Siku ya kumi na mbili, mchana wa jua kali, Fidea aliteremka dunguni akisema anasikia baridi. Kipimajoto kilisema thelathini na nane na nusu. Emerensiana alimchoma sindano pajani, akamtuma jirani kwa daktari, kisha akaketi mkekani. Mimi nilisimama mlangoni. Mkeka ulikuwa upande uleule aliolala Ditrick, nyumba yetu haina upande mwingine wa kivuli.

"Njoo," akaniita. "Pima."

"Emerensiana."

"Vidole vyangu ni vya wiki mbili. Njoo upime."

Nilipiga magoti. Nilisugua viganja, ingawa vilikuwa vya moto. Sikubonyeza, niliweka vidole kama unavyoviweka juu ya kifaranga. Mtoto akavuta pumzi na ikaja. Ilikuwa imekua, imeshuka upana wa kidole kizima kuliko juzi, na ilikuwa laini. Kila kitu mwilini mwangu kiliniambia niondoe mkono nikimbie.

"Imevimba," nikasema.

"Kama ya Ditrick?"

Nilingoja pumzi nyingine. Nilingoja na nyingine tena, kwa sababu jibu hilo sikutaka nilitoe kwa woga wala kwa hamu. "Hapana. Ukingo wake umekaza. Imevimba kama mtu aliyeamka kufanya kazi."

Pankrasi alifika anahema, kitufe cha kuamsha chujio mkononi. Akamtazama mtoto, akatutazama. Joto lilikuwa thelathini na tisa kasoro kidogo.

"Niamshe?"

"Ukiamsha, yatapeta mawili, na damu hana ya kupoteza," nikasema.

"Najua, Bibi. Nimemwuliza mama."

Emerensiana alikuwa ameshika mkono wa mtoto. "Joto likifika thelathini na tisa na nusu, amsha. Kabla ya hapo kaa chini unywe maji."

Alikaa. Tulikaa sote. Joto likapanda kidogo, likasimama. Alasiri Fidea alianza kutoka jasho, akaomba uji, akasema hauna sukari. Kesho yake hakuwa na joto. Kama ni sindano au ni bandama, Pankrasi alisema hawezi kuapa, na mimi pia siapi. Lakini aliangalia damu yake tena kwa hadubini, na haikuwa na chenga.

Siku ya ishirini na sita midomo ya mtoto ilikuwa na rangi. Alikuwa ananitukania mume wetu kutwa na madongo yake yanampata mwewe wa ushirika kila mara, mpaka wakaja kutulalamikia. Siku hiyo hiyo Pankrasi alileta barua ya Makao Makuu ya Kituo. Hakuwa amewaficha kitu, aliwaandikia yote. Alitusomea amesimama uani, Emerensiana akiwa anatwanga.

"'Mwili mmoja uwe na chujio moja. Kwa kuwa imethibitika kwamba mtoto anayo mawili, moja liondolewe kabla ya mwisho wa mwezi.'"

Emerensiana akaegemeza mchi. "Soma tena."

Akasoma tena.

"Waandikie tumekubali moja litoke," akasema. "Waje wachukue la kwao."

Pankrasi alitafuta kalamu. Alikuwa anaogopa, niliona, na alikuwa anaandika. "Niweke jina la nani? Wanataka aliyeamua, na wanataka aliyegundua, na kazi zao."

"Aliyeamua, Emerensiana, mama wa mtoto, mkulima." Aliinua mchi, akautua tena bila kutwanga. "Aliyegundua, Leokadia, mama yangu. Kazi, mpima bandama."

Kalamu ikasimama. "Kazi hiyo bado ipo?"

"Ipo," nikamwambia. "Shule ya Idunda ina watoto mia nne. Kesho uwapange foleni."